Ua Litafungwa Wapi?

Kikundi: HARUSI YA REHEMA (familia tu)

Hamza: Assalam aleikum familia. Natoka Ntinda, Kampala, sasa hivi kuliona gari la bibi harusi, lile la rafiki wa bwana harusi Swaibu. Jeupe, safi, halina mkwaruzo. Lakini jioneeni wenyewe.

Hamza: [picha]

Shangazi Mariam: Waaleikum salaam. Hamza, hapo umepiga mbele au nyuma?

Hamza: Mbele, Shangazi.

Shangazi Mariam: Mbele hii? Mdomo wake uko wapi?

Hamza: Halina. Ni gari la umeme, Nissan Leaf ya 2013.

Mjomba Kassim: Banange! Limefunga, na Ramadhani ilishakwisha.

Nuru: Mjomba 😂😂

Shangazi Mariam: Mimi sicheki. Mama wa mapambo nimeshampa nusu ya pesa. Tulikubaliana ua kubwa likae katikati ya grili, na utepe upite kwenye matundu, uvutwe mpaka kwenye saidi mira huku na huku. Sasa huo utepe ataufunga kwenye nini? Kwenye hewa?

Mama Twaha: Jamani kabla hamjafika mbali, mchele tulisema kilo ngapi?

Baba Mdogo Siraji: Dada Mariam, tulia. Sisi mafundi wa Kisenyi hiyo grili tunaiita sho, yaani "show" ya Kiingereza, na jina linajisema. Kazi yake ni kuingiza upepo kwenye rejeta, lakini sijawahi kupata mteja aliyekuja kuniulizia upepo. Anakuja na simu, ananionyesha picha ya gari la jirani: fundi, nataka uso kama huu. Wiki hii nimetoa sho tatu za Premio. Moja iligongwa na boda. Mbili hazikuguswa na kitu, wenyewe walizichoka tu.

Mjomba Kassim: Ndicho ninachosema. Gari ni uso. Mimi nikiwa kwenye jam ya Kawempe na drone yangu, basi langu dogo la abiria, nikiona kwenye kioo meno ya Land Cruiser yamenijia nyuma, nasogea kabla hajapiga honi. Hilo la Hamza likija nyuma yangu nitadhani friji imedondoka kutoka kwenye lori.

Twaha: Baba, samahani, lakini friji nayo inatoa joto. Wavu wake uko nyuma, umeelekea ukutani, na hakuna anayeiuliza mdomo uko wapi.

Mjomba Kassim: Huyu ndiye ninayemlipia ada ya chuo kikuu Kyambogo.

Nuru: 😂😂😂

Dada Jamila Dubai: Twaha elezea basi. Huku kila siku napishana nayo na sijui kwa nini hayana. Mwanzo yalinitisha, sasa nimeyazoea, hata haya ya petroli nayaona kama yanapiga kelele bila kusema kitu.

Twaha: Sawa. Injini ya petroli ni jiko kwanza, gari baadaye. Katika moto unaowaka mle ndani, kama robo moja tu ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Iliyobaki ni joto, sehemu inatoka kwa ekzosi, sehemu inabebwa na maji mpaka kwenye rejeta, na rejeta inataka upepo. Ndiyo sababu ya mdomo. Mota ya umeme haipotezi hivyo, kinachogeuka joto ni kama sehemu moja katika kumi. Hiyo huhitaji kuitolea mlango mzima.

Twaha: Halafu kuna jambo la upepo wenyewe. Upepo ukiingia mdomoni hautoki kirahisi, unagongana na rejeta, mipira, injini, vyuma, ndipo utafute njia chini. Gari linakuwa kama mtu anayekimbia huku koti limefunguka. Ukifunga mbele, upepo unateleza pembeni, na umeme uleule unakupeleka mbali kidogo zaidi. Kwenye petroli hufunga mtu tenki, humjui. Kwenye betri ndogo kila kilomita unaihesabu.

Hamza: "Hufunga mtu tenki" ndiyo nini?

Twaha: Simu imejiandikia. Nilitaka kusema ukijaza tenki husikii tofauti.

Baba Mdogo Siraji: Lakini usiwadanganye kwamba halipoi kabisa. Nimeshafungua bampa la moja. Rejeta ndogo ilikuwemo, imejificha chini.

Twaha: Kweli Baba Mdogo. Mengi yana tundu chini ya bampa, na mengine yana vipazia ndani vinavyojifungua betri ikipata joto, hasa wakati wa chaji ya haraka, na kujifunga barabarani. Hii Leaf ndiyo ya ajabu, betri yake haina hata maji ya kuipooza, inategemea hewa inayopita tu. Ndiyo maana kwenye nchi za joto kali betri zake zilichoka mapema.

Dada Jamila Dubai: Huku Dubai sizioni nyingi. Sasa najua kwa nini 😅

Nuru: Subirini, Bibi amesikiliza yote nimemsomea. Ametuma sauti lakini kuku wanapiga kelele nyuma yake, acha niandike kama alivyosema.

Nuru: (Maneno ya Bibi) Wanangu, hilo gari limefunikwa kama sahani chini ya tabaga, kawa la kufunikia chakula. Mgeni hajui kama ndani kuna mikate ya gurusa ya moto au sahani tupu. Lakini mnashangaa nini? Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikuwa na mdomo? Mwaka 1968 Mwalimu wa jirani alinitoa hapa Bombo usiku kwa Volkswagen, mvua inanyesha, akanifikisha hospitali ya Mulago. Aliyekuwa tumboni ni wewe Mariam. Ningesubiri gari lenye meno ungezaliwa Matugga barabarani.

Shangazi Mariam: Mama 🙈

Mjomba Kassim: Bibi amemaliza kesi.

Twaha: Na amesema kweli tupu! Kobe injini yake iko nyuma na inapoozwa kwa upepo wa feni, haina rejeta hata moja. Mbele ni buti tu ya kuwekea begi.

Mjomba Kassim: Hapo naomba niseme kwa heshima. Kobe hilohilo lisilo na sho ndilo lilishinda Safari Rally ya 1962, enzi zile njia ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Matope mpaka kwenye vioo. Marehemu baba alikuwa anatuhadithia kila Pasaka mpaka tunalala.

Hamza: Kwa hiyo Mjomba umebadilisha upande?

Mjomba Kassim: Sijabadilisha. Kobe lina uso. Lina taa mbili za mviringo na boneti inayoshuka katikati kama pua. Hata mtoto akilichora unalijua. Hilo lako lina nini? Macho ya chura.

Twaha: Hayo macho ya chura yana kazi pia 😄. Mota ilipokuwa kimya, wabunifu wakaanza kusikia kelele ambayo zamani ilimezwa na injini, upepo ukipiga saidi mira. Wakazitokeza taa juu ili zikate upepo na kuusukuma mbali na vioo. Yaani ni macho, lakini yanafanya kazi ya masikio.

Baba Mdogo Siraji: Hiyo sikuijua. Kumbe ndiyo maana zile taa ni ghali vile.

Mama Twaha: MCHELE. KILO NGAPI.

Shangazi Mariam: Mia moja na ishirini, mama Twaha, samahani. Hawa wamenichanganya.

Dada Jamila Dubai: Mimi nina swali la sura tu, siyo la joto. Mbona mengine ya umeme bado yana mdomo mkubwa? Bosi wangu ana BMW iX. Mbele ina zile figo mbili za BMW, ndefu kama milango ya kabati. Nikadhani ni ya petroli.

Twaha: Zile zimezibwa, Dada. BMW wameweka figo kwenye magari yao tangu 1933, wakiziondoa nani atalijua? Kwa hiyo wameziacha, lakini hazipitishi hewa. Nyuma yake wameficha kamera na radari.

Mjomba Kassim: Figo zisizochuja 😂 Hizo zingekuwa za binadamu angekuwa Mulago sasa hivi.

Hamza: Mjomba leo umekunywa nini?

Mjomba Kassim: Chai ya tangawizi, mwanangu.

Dada Jamila Dubai: Na Tesla nazo. Kuna jirani yangu ana Model S ya zamani, ina kitu cheusi mbele kama mdomo. Mpya hazina.

Twaha: Ile ya 2012 waliipa mdomo wa uongo, plastiki nyeusi inayong'aa, ili wanunuzi wasishtuke. Mwaka 2016 wakauondoa. Watu walikuwa wameshazoea.

Nuru: Kwa hiyo walitudanganya miaka minne kwa huruma.

Nuru: Mimi nasema ukweli wangu, ukichagua upande chagua. Kama huna haja ya mdomo, usichore mdomo. Ile ya uongo ndiyo mbaya kuliko zote, kama mtu aliyepaka nyusi kwa kalamu kisha mvua ikanyesha.

Dada Jamila Dubai: Nuru nani amekutuma uniseme mimi 😭

Baba Mdogo Siraji: Nuru, kwa macho uko sawa. Kwa mfuko wangu hapana. Sikilizeni niwaambie upande wa fundi, maana wote mnaongea kama wanunuzi.

Baba Mdogo Siraji: Sho ni plastiki iliyopakwa nikeli. Ikipasuka, natoa ya zamani, nafunga nyingine, nusu saa, mteja ameondoka na furaha, na mimi nimekula. Huu uso mtupu ni kitu kingine. Ni bampa na uso, kipande kimoja. Ukikwaruzwa na boda pale katikati, kila mtu anaona, maana hakuna pa kujificha. Mkwaruzo kwenye sho unapotea kwenye matundu. Kwenye bamba jeupe ni kama sosi kwenye kanzu. Sasa mteja anataka nipige puti na rangi. Na hapo ndipo pabaya: kwenye magari mapya, nyuma ya bamba hilo kuna radari ya kupimia gari lililo mbele. Inaona kwa kupenya plastiki. Ukipaka puti nene au rangi yenye unga mwingi wa chuma, umeifunga macho. Gari linaanza kushika breki peke yake au linakataa kabisa kuona. Kijana mmoja hapa jirani yangu alipaka vizuri, rangi kama kioo, mteja akarudi siku ya pili na taa zote za dashibodi zimewaka. Wakabandua yote upya bure.

Baba Mdogo Siraji: Na hao BMW aliowasema Jamila, ngozi ya zile figo inajiponya. Ukikwaruza kidogo, ukiacha siku nzima, au ukipuliza hewa ya moto dakika tano, alama inapotea. Nilionyeshwa video. Sikulala.

Mjomba Kassim: Pole sana fundi. Wakitengeneza bampa linalojiponya tutakuja kukutembelea.

Hamza: Lakini Baba Mdogo si kuna faida? Msimu wa senene barabara ya Masaka, rejeta zinajaa mabawa mpaka gari linachemka. Hapa senene wanagonga ukuta, unafuta kwa kitambaa.

Baba Mdogo Siraji: Unafuta? Wewe senene unawafuta? Unawakusanya.

Nuru: 😂😂😂😂

Mjomba Kassim: Mimi nimeanza kuona faida moja. Drone ya umeme ikija, ule uwanja mtupu mbele ni wangu. Naandika MASHALLAH kutoka taa mpaka taa. Sasa hivi natafuta nafasi kati ya sho na namba pleti, herufi zinabanana kama abiria.

Twaha: Baba, mabasi ya Kayoola ya umeme tunayaunda wenyewe hapa Uganda, drone nayo itafika.

Mjomba Kassim: Inshallah, na uwe umeshamaliza Kyambogo.

Dada Rehema: Hivi mnajua mimi bibi harusi nimo humu ndani?

Shangazi Mariam: Haa! Nani alimwongeza?

Dada Rehema: Mama, wewe.

Dada Rehema: Niwaambie basi. Nimeshapanda gari hilo. Halitetemeki, halinuki petroli, na mtu akiwa na gauni la mita nne anataka hayo mawili tu. Nitakaa kiti cha nyuma. Uso wake mtauona nyinyi mtakaosimama barabarani.

Dada Rehema: Nimefuta ujumbe mmoja, samahani, ulikuwa wa kumtumia Swaibu.

Mjomba Kassim: Tumeuona 😂

Shangazi Mariam: Rehema, picha zote za msafara zinapigwa kutoka mbele. Miaka ishirini ijayo mjukuu wangu atauliza, bibi, mbona mama alibebwa na sabuni?

Mama Twaha: Kusema kweli linafanana na sabuni.

Hamza: Sasa Shangazi kuna jambo jingine nililisahau, na ndilo zito kuliko sura. [picha]

Shangazi Mariam: Hapa limefanya nini? Limefungua kinywa?

Hamza: Ndiyo. Pale kwenye nembo ya Nissan, katikati kabisa ambapo ulitaka ua likae, ni kifuniko. Kikifunguliwa kinainuka juu. Ndani kuna matundu mawili, kubwa la chaji ya haraka na dogo la chaji ya kawaida. Ndiyo mdomo wake. Linakula hapo.

Nuru: Bibi anasema, "si niliwaambia ni tabaga."

Twaha: Na hapo hesabu lazima ifanywe. Hamza, betri ina vibaa vingapi vya uzima, vile vistari vya kwenye dashibodi?

Hamza: Kumi kati ya kumi na mbili. Mwenyewe anasema likijaa anakwenda kilomita 85 bila wasiwasi.

Twaha: Likiwa jipya Wamarekani walilipimia kilomita 121. Ntinda mpaka Bombo ni kama 40. Bombo mpaka Kibuli kwenye harusi ukipita jam ni zaidi kidogo ya hapo. Na AC ya bibi harusi, na mwendo wa msafara, na wapiga picha watakaosimamisha gari kila kona. Tukilitoa Ntinda asubuhi ya harusi tukaja nalo moja kwa moja, kurudi litatuacha Kawempe.

Mjomba Kassim: Bibi harusi asukume na gauni la mita nne.

Dada Rehema: Mjomba!

Twaha: Kwa hiyo lije Ijumaa jioni, lilale Bombo, lichajiwe usiku kucha kwenye soketi ya kawaida. Masaa manane hivi, tisa. Umeme ukikatika usiku tuwe na saa za ziada.

Shangazi Mariam: Na mama wa mapambo anakuja saa kumi na moja alfajiri kufunga maua. Juu ya waya wa chaji?

Baba Mdogo Siraji: Dada, nisikilize sasa, hii ni kazi yangu. Sumaku usinunue, boneti kama ni ya alumini haitashika. Gundi usiguse, rangi ya watu. Hamza, chini ya bampa kuna tundu refu lenye wavu mweusi?

Hamza: Lipo, Baba Mdogo. Nyembamba, karibu na namba pleti.

Baba Mdogo Siraji: Kumbe mdomo upo, uko kidevuni! Utepe utapita hapo, unapanda pande mbili mpaka kwenye mira, unafanya umbo la V. Ua kubwa nitalitengenezea fremu ya waya laini, likae juu ya kile kifuniko chenyewe, limebanwa na kitambaa kwa ndani. Kifuniko kikiinuka kuchaji, ua linainuka nalo. Kikifungwa, limerudi mahali pake.

Nuru: Ua linalosalimia 😍

Shangazi Mariam: Na likidondoka Matugga kwenye matuta?

Baba Mdogo Siraji: Nitakuwa nyuma yenu na koleo.

Mjomba Kassim: Na mimi natangulia na drone. Nina sho ya kuwatosha wote wawili.

Shangazi Mariam: Haya. Hamza, mwambie mwenye gari afike Ijumaa kabla ya magharibi, na aje na waya mrefu, soketi ya sebuleni kwetu iko mbali na dirisha. Au lilale kwa Kassim, yeye ana soketi ya varandani.

Nuru: Bibi anauliza, usiku mzima huo, Yaka, umeme wa kulipia kabla, ataweka nani?

Nuru: Mjomba Kassim?

Nuru: Mjomba, naona alama mbili za buluu.